Mkeka wa Kumi na Moja

Mwanamke mmoja alikuwa na duka lisilo na mlango. Jina lake Nasra. Aliuza mikeka kwa simu: aliipiga picha sebuleni kwake, akaiweka kwenye ukurasa wake, na watu wakaagiza. Aliyeagiza alipelekewa hadi nyumbani na dereva wa bodaboda aitwaye Shomari, baba wa watoto wawili, mtu asiye na maneno mengi. Kazi ilikwenda vizuri. Nasra hakudanganya vipimo, na rangi iliyoonekana kwenye picha ndiyo iliyofika kwa mteja.

Juu kabisa ya ukurasa wake paliandikwa: Mikokoni na Uwandani hatupeleki. Nasra hakuyatunga maneno hayo. Siku alipoanza biashara aliyakuta kwenye ukurasa wa mwanamke anayeuza viatu, akaona ni maneno ya mtu mwenye uzoefu, akayanakili kama yalivyo. Mikokoni hakuwahi kufika. Alijua tu kwamba iko ng'ambo ya daraja, kwamba mvua ikinyesha kunajaa tope, na kwamba watu wakiutaja mtaa huo hushusha sauti kidogo.

Mikeka aliletewa na mchuuzi mmoja, Mzee Kombo, kila Jumanne, kwa baiskeli. Ilikuja kumi kumi, imeviringishwa mmoja ndani ya mwingine. Jumanne moja Nasra alipoukunjua mzigo alikuta mikeka kumi, na katikati kabisa, wa kumi na moja. Ulikuwa mdogo, mtu mzima asingeweza kuukalia. Ukindu wake ulisukwa mwembamba kuliko alivyowahi kuona, na pindo lake lilishonwa kwa uzi mwekundu uliofifia. Nasra alikuwa amelipia kumi. Alijua. Akanyamaza, akajiambia kwamba ni bahati yake. Kwa kuwa hakujua mkeka mdogo namna ile ni wa kazi gani, aliutundika sebuleni, akaupiga picha na kuandika: Mkeka wa kutundika ukutani.

Huko Mikokoni alikuwepo mama mchanga aitwaye Kibibi, ambaye mume wake aliendesha lori la masafa ya mbali. Marehemu mama yake alikuwa msukaji. Miezi ya mwisho, Kibibi akiwa mjamzito, mama alisuka mkeka mdogo wa mjukuu, na pindo akalishona kwa nyuzi alizozichomoa katika kanga aliyoivaa siku ya harusi ya binti yake. Desturi yao ni hiyo: mtoto akitimiza siku arobaini hutolewa nje mara ya kwanza, akalazwa juani juu ya mkeka aliosukiwa na bibi yake, wanawake wa mtaa wakiwa wamemzunguka. Mama alipougua, majirani walikusanya mikeka iliyokuwepo ndani, wakaiviringisha, wakampa mchuuzi ili ipatikane nauli ya hospitali. Hawakuona kwamba wanaviringisha na ule mdogo. Mama alifariki wiki moja kabla mjukuu hajazaliwa. Kibibi aliutafuta mkeka nyumba nzima, mpaka juu ya dari. Hakuupata.

Siku ya thelathini na saba, akimnyonyesha mtoto huku akitazama simu, aliuona. Aliujua kwa uzi.

Akaandika: "Naomba huo mkeka mdogo, dada. Niko Mikokoni. Nauhitaji kabla ya Ijumaa."

Jibu lilikuja upesi. "Samahani mpendwa, Mikokoni hatupeleki. Tumeandika hapo juu."

Mwenyewe asingeweza kuufuata, maana mzazi hatoki kabla ya arobaini. Jirani yake, Bi Tatu, aliyekuwa akimkanda kwa maji ya moto, alisoma jibu lile akacheka puani.

"Andika unakaa Majengo, kwa shangazi yako. Ukifika huko nitakwenda kukuchukulia. Wote hapa ndivyo tunavyofanya. Mimi sufuria zangu zote nilizoagiza kwa simu zinakaa Majengo."

"Mama aliusuka hapa hapa barazani, Bi Tatu," Kibibi alisema. "Mjukuu wake ndiyo aulalie kwa mtaa wa kuazima?"

"Basi mtoto alale kwenye shuka."

Kibibi alimweka mtoto vizuri kifuani. Kisha akaandika neno moja la mwisho, bila hasira: "Dada, mkeka huo umetoka huku. Kama njia iliweza kuuleta kwako, imekuwaje ishindwe kuurudisha?"

Nasra alisoma, akaudhika, akaweka simu chini. Baada ya muda akaiokota tena. Akautoa mkeka ukutani, akaugeuza, akaupapasa ule uzi kwa kidole. Kisha akampigia simu Mzee Kombo.

"Mzee, mikeka yangu unaitoa wapi?"

"Mikokoni. Wewe ulidhani inaota sokoni?"

Shomari alipokuja kuchukua mzigo wa siku hiyo, Nasra alimkuta mlangoni akifunga kamba.

"Shomari, huko Mikokoni kukoje?"

"Kwa nini, dada?"

"Nina mzigo wa kwenda huko, na sitaki upatwe na baya."

Shomari aliendelea kufunga kamba ambayo ilikuwa imekwisha kufungwa. "Mimi nakaa huko," alisema.

"Uliniambia unakaa Majengo."

"Ningekuambia Mikokoni, ungenipa mikeka yako?"

Miaka mitatu mtu huyu alibeba mali yote ya Nasra, na haukupotea mkeka hata mmoja. Miaka mitatu Nasra aliamini kwamba ng'ambo ya daraja hakuna mwaminifu, na mwaminifu wake kila jioni alivuka daraja hilo kwenda kulala kwake, nyuma ya pikipiki hakuna kitu.

Nasra alimwandikia Kibibi kwamba mkeka utafika, na Ijumaa asubuhi akapanda nyuma ya Shomari, mkeka mapajani. Walivuka daraja. Tope lilikuwepo, kama alivyosikia. Lilikuwa tope la kawaida, la kuchafua viatu. Barazani mwa nyumba karibu zote wanawake walikaa wakichana ukindu na kuuchemsha katika rangi, na Nasra alizitambua rangi zake: zambarau ile, kijani kile, alivyokuwa akiviandikia sifa kila siku bila kujua viliivia katika sufuria za nani.

Uani kwa Kibibi walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mtoto alikuwa bado ndani, na shuka imekunjwa karibu na mlango, iwapo mkeka usingefika.

"Ndiye huyu mwenye duka lisilovuka daraja?" aliuliza Bi Tatu.

"Ndiye," akajibu Shomari.

"Mbona amevuka? Haya, mpeni kigoda, miguu yake haijazoea."

Wakacheka, na Nasra naye akacheka, ingawa machozi yalimlengalenga. Aliutandika mkeka kwa mikono yake mwenyewe. Kibibi alipofungua pochi, Nasra aliizuia mikono yake. "Huu sikuununua," alisema. "Nililipia kumi, nikanyamaza. Nimeurudisha tu." Ndipo mtoto akatolewa, akalazwa juani juu ya kazi ya bibi yake. Alikunja uso kwa mwanga, akapiga chafya, kisha akatulia, kidole chake kimenasa kwenye uzi mwekundu.

Jioni ile Nasra aliyafuta yale maneno ya juu. Kesho yake muuza viatu, aliyekuwa na mazoea ya kupitia kurasa za wenzake, akampigia.

"Shoga, umefuta? Huogopi?"

"Kwani wewe huko kilikupata nini?"

"Mimi?" Muuza viatu alifikiri. "Mimi niliyakuta kwa mwenye mapazia."

Tangu siku hiyo Shomari hurudi kwake na mzigo nyuma, na Bi Tatu, anapoagiza sufuria, huandika kwamba zinakaa Mikokoni.

Nanyi mnaosikia, kila mmoja ana orodha yake ya mahali asipofika na watu asiowapa, ameibeba miaka mingi wala hakumbuki aliinakili kwa nani. Basi jiulize: ni nani anayekuja kwako kila asubuhi kutoka katika orodha hiyo, na kwa nini hajathubutu kukutajia kwao?