Bi Muhanga na Nyumba ya Mlango Mmoja

Paukwa!

Pakawa!

Ah! Hiyo ni sauti ya watu au ya mbu? Mmekula ugali wote ule, halafu mnaniitikia hivyo? Tena. Paukwa!

PAKAWA!

Hapo sawa. Basi hapo zamani za kale, zamani ile wanyama wakipigiana hodi na kuulizana hali, palikuwa na bonde. Bonde la nyasi ndefu, swala akiingia humuoni hata pembe. Na katika bonde lile aliishi Bi Muhanga.

Mnamjua muhanga? Hamumjui. Ana masikio ya punda. Ana pua ya nguruwe. Na makucha, jamani, makucha! Kila ukucha ni jembe. Chakula chake mchwa. Kazi yake kuchimba. Huchimba usiku, na jua likitoka analala fofofo.

Kwaru! Kwaru! Kwaru! Udongo nyuma, puu! Kwaru! Kwaru! Kwaru! Udongo nyuma, puu! Kukicha, nyumba iko tayari. Nasema nyumba, sisemi shimo. Ina chumba. Ina sakafu laini. Ina milango miwili, mmoja wa kuingilia, na mmoja wa kutokea, umejificha kule nyuma kichakani.

Bi Muhanga hulala humo siku chache, kisha huhama, akachimba nyingine. Ile aliyoiacha anaingia nani? Anaingia yeyote. Nungunungu akaingia. Nguchiro akaingia. Chatu akaingia, tena bila hodi. Bonde zima lilikuwa linalala ndani ya jasho la Bi Muhanga.

Na Ngiri naye akaingia. Sasa huyu Ngiri, bwana mkubwa, ana desturi yake. Haingii nyumbani kwa kichwa. Huingia kinyumenyume, makalio mbele, uso unatazama mlango, ili adui akija akutane na yale meno yaliyopinda. Msicheke, wanangu. Kila mtu na nyumba yake.

Baraza la bonde lilikuwa likikaa jua la utosi. Hapo ndipo kazi zilipoelezwa, na hapo ndipo kazi mpya zilipogawiwa. Jua la utosi Bi Muhanga yuko wapi? Yuko ndotoni. Ngiri yuko wapi? Yuko barazani, mbele kabisa. Mtu akiuliza, "Nyumba nzuri hizi, fundi nani?" Ngiri anakohoa kidogo. Hem! "Sisi wachimbaji tumejitahidi."

Sisi! Kwato zake zimechimba udongo lini?

Sasa palikuwa na Bi Fisi. Naona mmeanza kununa. Mmezoea fisi wa kuanguka kisimani na fisi wa kufuata mifupa. Huyu wangu ni fisi jike, na kwa mafisi, jike ndiye mkuu wa ukoo. Dume hula baada yake. Nani anabisha? Wewe baba uliyeegemea nguzo? Haya.

Asubuhi moja Bi Fisi akamkuta Bi Muhanga anarudi kulala, pua imejaa vumbi.

"Shoga, jana kazi yako ilisifiwa sana barazani."

"Kweli?"

"Kweli. Sifa akabeba Ngiri."

Bi Muhanga akapiga miayo. "Mwache. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Chajiuza, sikatai. Lakini anayekaa mezani kuuza ni Ngiri."

"Kazi yangu itanisemea, Bi Fisi."

"Kazi ina mdomo?"

Bi Muhanga? Alikuwa amekwisha kulala.

Basi kikaja kiangazi. Nyasi zikakauka, zikawa zinalia chakacha, chakacha. Kila mnyama akawa ananusa upepo. Mwaka uliotangulia moto ulikuwa umepita bondeni, ukawala watoto wa Nguchiro, wote, kabla hawajalifikia shimo. Tangu hapo Nguchiro hakusema neno barazani. Alikuja, akakaa, akatazama chini, akaondoka.

Mkuu wa bonde alikuwa Bibi Tembo. Akaita baraza. Akasema, "Mwaka huu sitaki kulia tena. Tuchimbe nyumba moja kubwa, moto ukija watoto wote wa bonde waingie humo. Nataka Fundi Mkuu. Nani?"

"Mimi!" Ngiri huyo, amesimama, mkia juu kama fimbo.

Wakatazamana. Nani mwingine? Hakuna aliyejitokeza. Ngiri akapewa.

Ngiri mbio, tipu tipu tipu, mpaka mlangoni kwa Bi Muhanga. "Mama! Mama Muhanga! Amka, nimekupatia kazi!"

Bi Muhanga akatoka, macho yanamwasha kwa jua. "Kazi gani, Ngiri?"

"Nyumba ya watoto. Kubwa. Chumba kimoja, mlango mmoja."

"Milango miwili."

"Mmoja."

"Ngiri, ni nyumba ya kukimbilia moto. Moshi ukiingia kwa mlango wa mbele, watoto watatokea wapi?"

"Na chui akiingia kwa mlango wa nyuma, nani atamwona? Mimi maisha yangu yote nimekaa shimoni. Mlango mmoja, unaukalia, unautazama. Huo ndio ulinzi."

"Moto hautishwi na meno."

Ngiri akavimba. "Fundi Mkuu ni nani hapa? Mimi. Wewe chimba."

Bi Muhanga akatazama makucha yake. Siku zote akiambiwa chimba, amechimba. Safari hii akasema, "Nyumba hiyo siichimbi."

"Basi watachimba wengine!" Ngiri akaondoka, tipu tipu tipu.

Bi Muhanga akarudi ndani, akajilaza. Usingizi haukuja. Aliogopa. Hakuogopea jina lake, jina lilikuwa limekwisha kuliwa zamani. Aliwaona watoto wa bonde wamejazana gizani, na moshi unaingia kwa mlango ule ule wa kutokea. Akainuka mchana kweupe, akaenda kwa Bi Fisi, anajikwaa njiani kwa ule mwanga.

"Bi Fisi, mwenzangu, nenda kanisemee barazani."

"Sikusemei."

"Lakini wewe una sauti! Wanakuogopa!"

"Nikikusemea mimi, utakuwa umemwacha Ngiri ukamchukua Fisi. Nenda mwenyewe. Mimi nitakaa karibu."

"Niseme nini?"

"Sema ulichofanya. Sema unachotaka. Usianze na samahani. Ukimaliza, nyamaza. Wakikaa kimya, usikijaze kile kimya kwa maneno. Waachie wenyewe."

Kesho yake, jua la utosi, Bi Muhanga huyo barazani. Wanyama wakamwona, wakaguna. Wengine wakacheka, kwi kwi kwi. "Kumbe muhanga ana macho!" Machozi yanamtoka kwa jua, masikio yamemlegea. Akaanza.

"Samahanini sana, wakubwa zangu, sijui kama..."

"Khoo!" Hicho kilikuwa kikohozi cha Bi Fisi.

Bi Muhanga akanyamaza. Akavuta pumzi. Akaanza upya.

"Mimi ni Muhanga. Nyumba mnazolala nimezichimba mimi, kwa makucha haya. Nyumba anayoitaka Ngiri, ya mlango mmoja, itakuwa kaburi la watoto wenu. Nataka kazi ya Fundi Mkuu. Nipeni."

Akanyamaza.

Baraza likanyamaza. Kimya. Kimya kikarefuka. Maneno yakamjia Bi Muhanga mpaka kwenye ulimi, "lakini kama haiwezekani si kitu," akayameza. Yalikuwa makavu, yakashuka kwa shida, lakini akayameza.

Ngiri akasimama. "Haya, nami niulize. Mchana analala. Msaidizi hana. Nyasi zimekauka, moto waweza kuja wakati wowote. Peke yake, hiyo nyumba ya milango miwili ataimaliza lini?"

Wanyama wakatikisa vichwa. Na tuseme kweli, Ngiri hapo aliuliza swali la maana. Miaka yote ile Bi Muhanga hakumfundisha mtu. Nungunungu alipata kumwomba, "Dada, nionyeshe." Akajibiwa, "Ah, acha tu nifanye mwenyewe, itakuwa haraka." Mnawajua akina mama wa namna hii? Wengine wamekaa hapa hapa. Sitaji mtu.

Bi Muhanga akasema, "Peke yangu siwezi. Kosa hilo ni langu, nimejifungia ufundi kama mtu anayeficha chakula. Lakini Nungunungu ana makucha. Nguchiro ana makucha. Bi Fisi huwachimbia wanawe pango. Nitawafundisha. Usiku nitachimba mimi, mchana watachimba wao."

Kisha kule nyuma ikasikika sauti ndogo, imekauka kwa kukaa bila kutumika. Alikuwa Nguchiro.

"Mimi naanza leo," akasema.

Bibi Tembo akapiga masikio yake, pa! "Ngiri, kaa. Muhanga, chimba."

Hapo sasa! Hapo ndipo bonde lilipojua kazi. Imbeni nami, mmelala?

Kwaru kwaru, mlango wa kuingia!
Kwaru kwaru, na mlango wa kutokea!
Kwaru kwaru, mwanangu apite!
Kwaru kwaru, moshi umkose!

Nguchiro akachimba, ukuta ukamwangukia, buu! Bi Muhanga akanyoosha mkono kumpokonya kazi. Akajizuia. Ilimuuma, lakini akajizuia. "Inamisha kucha," akasema. "Tena." Nguchiro akachimba, ukaanguka, buu! "Tena." Akachimba, ukasimama. Nungunungu akajua kupima upana kwa miiba yake. Bi Fisi alilalamika mgongo kutwa nzima, na kutwa nzima alichimba. Mlango wa mbele ukatazama nyasi. Mlango wa nyuma ukatokea mtoni, kwenye mchanga mtupu, mahali ambapo moto hauna cha kula.

Wakati udongo wa mwisho unatolewa, upepo ukageuka. Nguchiro akanusa. Wa kwanza kunusa ni yeye.

"Moto!"

Vuuuu! Papapapa! Vuuuu! Papapapa! Mbingu ikawa nyekundu mchana. "Watoto! Watoto ndani!" Wakaingia vifaranga vya kanga, wakaingia vitoto vya nungunungu, wakaingia vitoto vya fisi, hata wa chatu wakaingia, na siku hiyo hakuna aliyemuuliza mtu kabila lake. Moto ukafika. Moshi ukainama, ukaingia kwa mlango wa mbele. Watoto wakaanza kukohoa.

"Huku!" Nguchiro alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma. "Huku, wanangu! Fuateni sauti yangu! Huku!"

Wakatoka mmoja mmoja, mpaka kwenye mchanga. Nguchiro akamgusa kila mtoto kichwani, alikuwa analia na kucheka. Hakubaki hata mmoja ndani.

"Ngiri yuko wapi?" akauliza Bi Muhanga.

Ngiri alikuwa amenuna tangu siku ile ya baraza. Moto ulipokuja akakimbilia nyumbani kwake, akaingia vile vile, kinyumenyume, uso mlangoni. Sasa moshi unamwingia puani, moto uko mbele, naye meno anayo, lakini atamng'ata nani? Mara akasikia sauti nyuma ya makalio yake.

"Ngiri! Rudi nyuma!"

"Nyuma hakuna kitu!"

"Kuna mlango!"

"Haupo! Hii nyumba yangu, naijua!"

"Nimeichimba mimi, Ngiri!"

Hata hivyo hakusogea. Basi Bi Muhanga akamkamata mkia kwa makucha yale. Akavuta. Ngiri akapiga kelele, wiii! Akavuta. Wiii! Akavuta tena, na puu! Ngiri huyo nje, majivu mwili mzima. Aliingia makalio mbele, akatoka makalio mbele, akapita nyumba nzima bila kugeuka.

Moto ukapita. Baraza likakaa, kwenye ardhi nyeusi. Ngiri kwa mazoea akasimama. Hem! "Sisi wachimbaji..." Akawaona wanavyomtazama. Akaona makucha ya Nguchiro yaliyopasuka.

"Nyumba ya watoto wamechimba Bi Muhanga, Nungunungu, Nguchiro na Bi Fisi," akasema. "Mimi sikuchimba. Na mkia bado unaniuma." Akakaa.

Bibi Tembo akasema, "Fundi Mkuu, toa amri yako ya kwanza."

Kila mtu akadhani ataamuru mashimo. Bi Muhanga akasimama, machozi ya jua yanamchuruzika, safari hii hakuyafuta.

"Baraza lihamie jioni, jua likipoa," akasema. "Humu bondeni wapo wanaofanya kazi mkiwa mmelala. Bundi yupo. Popo yupo. Kakakuona yupo. Hawajawahi kukaa hapa, na hakuna aliyewahi kuuliza waliko."

Wakubwa wakatazamana. Kweli, hakuna aliyewahi kuuliza.

Basi baraza likahamia jioni. Jioni ya kwanza wakatoka kwenye mapango na mashimo wanyama ambao bonde lilikuwa halijui hata majina yao. Kakakuona akaja taratibu, magamba yanalia, akakaa. Zamu yake ilipofika akasimama. Ngiri akafungua mdomo kumsaidia kusema. Bi Muhanga akamtazama tu. Ngiri akaufunga.

"Mimi ni Kakakuona," akasema Kakakuona. "Nina jambo."

Na bonde zima likanyamaza kumsikiliza.

Mmesikia, wakubwa na wadogo? Chema chajiuza, ndivyo wasemavyo, lakini lazima mwenyewe ukipeleke sokoni. Kazi yako itaje kwa mdomo wako. Unachokitaka, kiombe. Unachokijua, kifundishe. Na siku utakapopewa kiti, sogea na mwenzako apate pa kukaa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesinzia na amuulize jirani yake, mimi sirudii.