Firigisi ni ya Dume la Nyumba

Paukwa!

Pakawa!

Sahani?

Imelambwa!

Nani kailamba?

Hatumtaji!

Mtamtaja tu kabla sijamaliza. Sogeeni karibu. Na nyinyi wanaume mlioketi kule nyuma karibu na mlango, msitoroke. Hadithi hii inawahusu.

Hapo zamani za kale, siku ambazo paka na watu walisemezana bila mkalimani, paliondokea mume na mke. Mume aliitwa Simatwa. Mke aliitwa Nabwile. Walikuwa bado hawajajaliwa watoto, lakini nyumba haikuwa kimya, maana waliishi na paka wawili. Mmoja ni Shume, paka dume mnene, masharubu marefu. Wa pili ni Mamanyau, paka jike mzee, ambaye husema mara chache, na akisema mtu hujuta.

Basi Krismasi ikafika. Na Krismasi bila kuku, jamani, si ni Jumanne tu?

Nabwile alikuwa na jogoo. Alimlea tangu kifaranga, akamfukuzia mwewe, akamlaza jikoni wakati wa mvua. Ndivyo alivyofanya kila mwaka tangu aolewe. Simatwa huchinja, basi, kazi yake imekwisha. Nabwile hunyonyoa. Nabwile hukatakata. Nabwile huipasua firigisi, humwaga changarawe zake, humenya ile ngozi yake ya manjano kwa kucha, huipika mpaka iive. Kisha Nabwile huyo huyo huiweka kwenye sahani ya Simatwa. Simatwa huitafuna amefumba macho. Krr, krr, krr.

Nabwile hakuwahi kuionja. Hata ukingo wake. Na mwaka huu alikuwa ameapa moyoni: leo ataila firigisi, au ataelezwa sababu inayoeleweka.

Asubuhi ya Krismasi jogoo akachinjwa. Nabwile akasimama mlangoni, kisu mkononi.

"Mume wangu, leo firigisi naila mimi."

Simatwa akacheka. "Wewe! Mwanamke akila firigisi huota ndevu."

"Na wewe umeila miaka yote hii, ndevu zako ziko wapi?"

Simatwa akajishika kidevu. Palikuwa na vinyweleo vitatu, na kimoja kilikuwa kinafikiria kuhama.

"Sawa," akasema. "Tuache ndevu. Firigisi ni ya mwenye nyumba."

"Na ukuta huu aliukandika nani? Nani alikanyaga tope mpaka magoti yakalia, wewe ukiwa kwa binamu yako kumpa pole ya mafua?"

Simatwa akakohoa. Akaona hoja zinamwishia, akapandisha sauti, kama wafanyavyo wote walioishiwa.

"Nabwile! Firigisi ni ya dume la nyumba hii! Kwisha!"

Pale chini ya kiti, sikio la Shume likacheza.

"Haya," akasema Nabwile. Akaweka kisu mezani. Akafungua leso kiunoni, akaitandika kwenye kigoda, akaketi. "Kama ni ya dume, basi dume apike."

"Kupika ni nini?" akasema Simatwa. "Moto ndio unaopika. Mtu anangoja tu."

Akakunja mikono ya shati, akaingia jikoni.

Akaanza na chapati. Akamwaga maji kwenye unga, ukawa uji. Akaongeza unga, ukawa jiwe. Akaongeza maji, ukawa uji. Akaongeza unga. Beseni likajaa, likafurika, unga ukamfika kwenye nyusi.

"Nabwile, huu unga unatakaje?"

Nabwile akanywa chai yake. "Moto ndio unaopika. Mtu anangoja tu."

Chapati ya kwanza ikatoka, ngumu, nyeusi, umbo la sikio la ndovu. Simatwa akamtupia Shume. Shume akainusa mbele, akainusa nyuma, kisha akaanza kupekua udongo na kuifunika.

"Wewe paka! Unafanya nini?"

"Nafukia," akasema Shume. "Kitu chenye sura hii, mama yangu alinifunza nifukie."

Nabwile akaziba mdomo kwa leso. Mabega yakamtikisika.

"Cheka tu!" akafoka Simatwa. "Firigisi ni ya nani? Ya dume la nyumba hii!"

Sikio la Shume likacheza tena. Safari hii masikio yote mawili.

Simatwa akateleka wali. Akaufunua, akauchungulia, akaufunika. Akaufunua, akaukoroga, akaufunika. Mwisho ukatoka juu mbichi, katikati uji, chini makaa.

"Nabwile, wali huu una nini?"

"Moto ndio unaopika, mume wangu. Mtu anangoja tu."

Mamanyau akafika, akatazama ndani ya sufuria, akaondoka bila neno. Lilikuwa pigo kubwa kuliko tusi.

Ikabaki kuku. Simatwa akanyonyoa, manyoya yakamwingia puani. Akamenya firigisi, kucha zikamuuma. Akapuliza moto, moshi ukamtoa machozi. Akashika sufuria kwa mkono mtupu, akaruka akimwita mama yake, marehemu. Lakini kuku akaiva. Nawaambia ukweli, akaiva, na akanukia. Hata Nabwile alimeza mate.

Simatwa akapakua. Firigisi akaiweka peke yake, kwenye sahani peke yake, mbele ya kiti chake. Akasimama, ametapakaa unga na masizi, akainua mikono.

"Firigisi ni ya nani? Ni ya dume la nyumba hii! Tuombe."

Akafumba macho. Akashukuru kwa mwaka. Akashukuru kwa mvua. Akashukuru kwa jogoo, na kwa firigisi akashukuru kwa kirefu.

Nabwile alikuwa amefumba jicho moja. Kwa lile la pili akamwona Shume akipanda mezani, mguu mmoja, mguu wa pili, bila haraka, kama mgeni aliyealikwa. Ulimi ukamwasha kusema "Shh!" Akakumbuka zile ndevu. Akafumba na jicho la pili.

"Amina," akasema. "Endelea, mume wangu. Hujawaombea wagonjwa."

Simatwa akawaombea wagonjwa.

Alipofumbua macho, sahani ilikuwa inang'aa. Juu ya kabati Shume alikuwa anajilamba.

"Mwizi!" Simatwa akarukia mwiko. "Mwizi we!"

"Mwizi nani?" akauliza Shume. "Ulitangaza mara tatu kwamba firigisi ni ya dume la nyumba hii. Nikageuza shingo, nikajitazama nyuma. Nikaona ni mimi."

"Nilikusudia mwenye ndevu!"

Shume akanyoosha masharubu, huku na huku. "Lete zako tupime."

"Nilikusudia mwenye nyumba!"

"Nyumba hii hushinda na nani, wewe ukiwa njiani kutwa? Panya wanamwogopa nani humu, wewe?"

Simatwa akatupa mwiko chini. Akaonyesha vidole vyake vilivyoungua, macho yake mekundu, manyoya kichwani.

"Lakini mimi ndiye niliyepika! Ona vidole! Ona macho! Haki iko wapi? Firigisi ni ya aliyepika!"



Mamanyau akafumbua jicho. "Rudia."

"Ndiyo, rudia," akasema Nabwile kwa upole. "Hapo mwisho sikusikia vizuri."

Simatwa akamtazama mkewe, akatazama jiko, akatazama vidole vyake. Zikampitia firigisi zote alizowahi kula, moja baada ya nyingine, krr, krr, krr. Na akaona jambo lililomuuma kuliko moto: siku ya kwanza firigisi kuwa haki yake kweli, ndiyo siku ilipoliwa na paka.

"Firigisi," akasema kwa sauti ndogo, "ni ya aliyepika."

Kisha akacheka, maana angefanya nini? Nabwile akacheka mpaka leso ikaanguka. Wakamla kuku, na zile chapati wakazifanya vifuniko vya sufuria. Zilidumu.

Mwaka Mpya Nabwile akapika. Akaiweka firigisi kwenye sahani yake mwenyewe, mbele ya mumewe na paka wote wawili. Akatafuna polepole. Krr. Akasita.

"Ndiyo hii tu mliyokuwa mkituficha?"

Na akaila yote. Simatwa alimchungulia kidevu mpaka Pasaka. Hakikuota kitu.

Basi funzo ndilo hili, wenzangu. Jasho la mtu lina haki yake kwenye sahani, hata kama jasho hilo ni la mkeo. Na ukitunga sheria ili ushibe peke yako, angalia vizuri ni nani mwingine anayeisikiliza chini ya kiti.

Sasa, firigisi ni ya nani?

Ya aliyepika!

Wanaume wa nyuma sijawasikia.

Ya aliyepika!

Nani kailamba sahani?

Dume la nyumba!

Dume yupi?

Mwenye masharubu!

Hadithi nimeshaipakua. Aliyeshiba anawe mikono, aliyebakisha ampe paka.