Breki Haifunzwi Mteremkoni

"Breki haifunzwi mteremkoni." Bibi yenu amemwambia hivyo Shamte, anayetaka kuanza kusoma asubuhi ya mtihani, nanyi mmecheka mkidhani ni maneno aliyoyatunga sasa hivi hapo jikoni. Mnauliza yametoka wapi? Sogeeni. Methali hii ilianza kinywani mwake yeye mwenyewe, na mimi nilikuwepo.

Zamani, kwenye shamba la mkonge la Kwembega, palikuwa na mbio za magari kila mwaka. Njia ya lami ilipanda kilima, kisha ikashuka mteremko mkali hadi kwenye kona tuliyoiita Kaa Chonjo. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye kona hiyo na bendera.

Mwaka ule bibi yenu, Mwanaidi, aliomba kushindana. Kamati ilimkubalia kwa shingo upande. "Akivurunda," mwenyekiti alisema mbele ya watu, "tusisikie tena habari ya mwanamke kwenye mbio hizi." Basi kwenye majaribio akawashinda wote, akapewa kuanzia nafasi ya kwanza mstarini, mbele ya Gharibu, bingwa wetu.

Lakini majaribio yalikuwa yamezila pedi za breki za magari yao yote mawili. Asubuhi ya mbio mafundi wakafunga mpya. Gharibu akaenda moja kwa moja mstarini. Bibi yenu akageuza gari, akashika barabara ya kiwandani, na sheria ilikuwa kwamba anayechelewa mstarini ataanzia mkiani. Nikamkimbilia.

"Mwanaidi, mke wangu, nafasi yako inapotea!"

"Pedi hizi zimetoka boksini leo. Hazijaonja moto, hazijazoeana na diski za magurudumu zinazozibana."

"Si zitazoea humo humo mbioni?"

Akanitazama kama mnavyomtazama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. "Breki haifunzwi mteremkoni, mume wangu. Niache."

Alikimbiza gari, akakanyaga breki kwa nguvu bila kusimama kabisa, akaachia, akakimbiza tena. Pedi ziliponuka moto, hakuzigusa tena; akaendesha taratibu ili upepo uzipoze, maana ukisimama ukaikandamiza breki ikiwa ya moto, unaiharibu diski. Watu walicheka wakashika mbavu. "Mama anaenda sokoni huyo!" Hakugeuza hata shingo. Nawaambia wazi, nilimpenda zaidi siku ile kuliko siku ya harusi yetu.

Mbio zikaanza, yeye mkiani. Akawapita mmoja mmoja kwenye mteremko, kwa sababu breki zake zilimruhusu kuchelewa kuzikanyaga kuliko wenzake. Mwishowe akabaki Gharibu peke yake mbele.

Gharibu akashuka, akakanyaga breki. Moshi ulitoka magurudumuni, breki zisishike. Likapitiliza kona, likalala ubavu kwenye mikonge ng'ambo ya njia. Nikamsikia akiita. Nikapunga bendera, nikavuka mbio kumwokoa, na katikati ya lami mguu ukateleza nikaanguka. Nilipoinua kichwa, gari la Mwanaidi lilikuwa linanijia.

Matairi yakalia. Likasimama. Nililishika bampa lake ili niinuke.

"Umeumia?" aliniuliza.

"Sijaumia."

"Haya, twende tumtoe mwenzetu."

Tulimtoa Gharibu akiwa hai, mkono tu umevunjika. Mbio zilisimamishwa na kikombe hakikupata mwenyewe, lakini mwenyekiti hakufungua tena mdomo kuhusu wanawake. Mwaka uliofuata nafasi ya kwanza mstarini ilikuwa ya Gharibu, naye akaonekana barabara ya kiwandani akizoeza pedi zake. Walipomcheka, aliwajibu kwa maneno ya bibi yenu. Ndipo yakaenea kila mahali.

Mimi siyasahau kwa sababu nyingine. Siku ile baba yenu alikuwa hajazaliwa. Kama bibi yenu angeng'ang'ania nafasi yake ya mbele, msingekuwepo leo kuniuliza. Kwa hiyo Shamte, mjukuu wangu, usimcheke. Kachukue vitabu vyako jioni hii hii. Breki haifunzwi mteremkoni.