Landrova ya Ng'ombe Watatu

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema, ni hizi za juzi tu, kadi ya gari ilipokuwa karatasi ya kukunjwa na kufichwa chini ya godoro, kule Rungwe aliishi mwanamke aitwaye Subilaga. Hakuwa mtu wa kuonewa, nawaambieni mapema.

Subilaga alirithi kwa mama yake ng'ombe watatu. Akawauza wote, na kwa fedha hizo mumewe Lusekelo akanunua Landrova kuukuu ya kubebea ndizi. Sasa sikilizeni kosa lilipofanyika. Siku ya kuandikisha, Lusekelo aliona haya. Mdogo mtu awe na gari kwa jina lake, na kaka mkubwa hana hata baiskeli? Akaandikisha jina la kaka yake, Ambakisye, kwa heshima.

"Na ng'ombe wangu je?" Subilaga aliuliza.

"Mke wangu, hilo ni jina tu."

Jina tu! Mwaka wa pili Landrova ilimgonga mtu kwenye mteremko, dereva wa kuajiriwa akatoroka. Polisi wakaisoma kadi, wakamfuata Ambakisye shambani kwake. Alikaa mahabusu miezi miwili kwa ajili ya gari ambalo hajawahi kulipanda, akatoka na kikohozi kisichomwacha mpaka leo.

Kisha Lusekelo akafariki. Injini nayo ikafa, Landrova ikakaa nyuma ya nyumba miaka sita, kuku wakitagia ndani. Subilaga akabeba ndizi kichwani mpaka sokoni, na watoto wanne wakasoma kwa shingo hiyo. Hakuna aliyekuja kusema gari ni lake. Hakuna!

Akatokea fundi, Anyitike. Pikapu yake ilikuwa imeangukiwa na mti, ikapona injini peke yake.

"Mama," alimwambia Subilaga, "wewe una gari halina injini, mimi nina injini haina gari."

Wakakubaliana waliendeshe pamoja. Fundi akaihamishia injini yake mle, akashinda chini ya gari miezi mitatu, mgongo kwenye matope. Siku ilipowaka, bonde zima lilisikia.

Hata Ambakisye alisikia. Akaja na kadi yenye jina lake.

Wakaishia, wao na gari lenyewe, kwenye uwanja wa kituo cha polisi. Afande alifungua boneti, akasoma namba. Ya chesisi ilikuwa ile ile ya kwenye kadi. Ya injini siyo.

"Kadi hii lazima ibadilishwe," akasema. "Gari halitoki hapa mpaka nipate jina moja la kuandika kwenye fomu."

Subilaga alikuwa ndani, nyuma ya usukani, milango ameifunga.

"Mama, shuka tuongee."

"Naongelea humu humu, afande."

Ambakisye akakohoa, akasema, "Nililala sakafuni miezi miwili kwa ajili ya jina hili. Siku ile hakuna aliyesema gari ni la shemeji. Lilipogonga lilikuwa langu, likibeba ndizi liwe la mwingine?"

Maneno hayo yalimchoma Subilaga, kwa sababu yalikuwa kweli. Siku ile naye alinyamaza.

Anyitike akasema, "Mimi kadi sina, ila namba ya injini umeisoma mwenyewe, afande. Kama si langu, niruhusuni niitoe. Halafu mwenye gari alisukume mpaka kwake."

Subilaga akateremsha kioo, akatoa kichwa nje.

"Shemeji, siku ile nilinyamaza. Nisamehe. Leo sinyamazi! Fundi, jasho lako nililiona, sikukatalii. Lakini ng'ombe wangu hawakuwa na risiti, nilikuwa nawakamua tu kwa mikono hii, na kila mmoja nilimwita kwa jina lake. Nilipouliza nikaambiwa ni jina tu. Haya, kama ni jina tu, leo liandikwe langu, tuone nani atakufa. Asiyetaka alivute gari nikiwa humu humu!"

Akapandisha kioo. Afande akachukua kalamu, akaiweka, akaichukua tena.

Nami namwacha hapo hapo na kalamu yake, maana naona mnatikisa vichwa kama mnajua. Yupo aliyelinunua gari, yupo aliyefungwa kwa ajili yake, yupo aliyelifufua. Fomu ina mstari mmoja, na mama hajashuka. Haya, semeni nyinyi: nani alistahili kuandikwa?