Kiti cha Bwana Pekee

Hapo zamani, mizigo ilipokuwa ikisafiri vichwani mwa watu, alikuja kwetu mzee aliyewahi kuwa rais wa Marekani. Mwenye jibu alimeze kwanza, hadithi bado mbichi.

Alipokuwa na cheo, nyumba yake haikukosa wageni. Cheo kikaisha, wageni nao wakaisha. Mkewe akafa. Mazishini akagombana na binti yake, Adelina, akapanda meli kuja kuwinda. Kumbe alikuwa anaikimbia nyumba tupu.

Desturi ya safari ilikuwa hii: wapagazi hula pamoja, mzungu hula peke yake. Meza moja, kiti kimoja, sahani moja. Mzee aliwatazama wenzake wakinyang'anyana ukoko na kuchekeana, chakula kikapoa mbele yake. Wakamwita Bwana Pekee. Akakonda.

Feruzi mpishi, naye mgane, akavunja desturi. Akaweka mezani sahani mbili. Nyapara akatishia kumfukuza. Feruzi akasema, "Ya pili ni ya marehemu bibi." Mzee akalia, kisha akala.

Mihayo, mbeba kiti, akawa anaketi chini karibu naye. Mzee aliongea Kiingereza jioni nzima. Mihayo hakukijua, lakini kila sauti iliponyamaza aliitikia, "Naam, bwana." Hata siku za homa alikuja, akaitikia huku anatetemeka.

Tatu, mfua nguo, kila wiki alikuta barua za binti katika koti la mzee, zote kwa mwandiko mmoja, hazijafunguliwa. Alizitoa zisilowe, akazirudisha. Wiki ya tisa akaziweka juu ya sahani ya marehemu.

"Bwana, huyu hajachoka kukuita. Utamnyamazia mpaka lini?"

Mzee alikuwa amekwisha kujifunza Kiswahili cha kutosha kuona haya. Akazifungua. Kesho yake akafunga mizigo, akarudi kwao na kiti chake. Akaishi na Adelina miaka miwili, akafa amemshika mkono.

Adelina akaja mwenyewe, na mkalimani, na kile kiti, na wosia: "Apewe aliyenitoa upwekeni."

Feruzi akasema, "Ni changu. Bila sahani yangu angekufa kwa njaa. Barua zingesomwa na nani?"

Tatu akasema, "Sahani yako ilimkalisha na wafu. Mimi nilimrudisha kwa walio hai."

Mihayo akasema, "Mimi sikufanya kitu, niliitikia tu. Lakini tangu aondoke, jioni ikifika nasema naam, na hakuna aliyeniita."

Adelina akamuuliza, "Baba alikuwa akisema nini?"

"Sijui, mwanangu. Neno moja tu nililishika, maana alilirudia kila siku. Adelina."

Binti akakaa chini. Tatu akamgeukia Mihayo kwa hasira. "Ulilijua jina hilo ukanyamaza? Ungemuuliza mapema ni nani, angeondoka mapema."

Mihayo akainamisha kichwa. "Nililiogopa hilo hilo. Kwamba angeondoka."

Usimcheke Mihayo, wewe mwenye nyumba iliyojaa watu.

Meli ya Adelina inang'oa nanga kesho, na kiti hakigawanyiki. Haya, mliomeza majibu yatemeni: Feruzi aliyemlisha, Mihayo aliyemwitikia, au Tatu aliyemrudisha? Je, nani akikalie?