Shahidi Aliyeona Mgongo

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu na atusamehe sisi tunaosimulia baada yao, kwamba katika mji wa Wasit, huko Iraki, aliishi mja mwema aliyeitwa Naufal bin Rabah. Huyu alikuwa miongoni mwa mashahidi waadilifu wa kadhi. Msidhani ushahidi siku hizo ulikuwa kazi ya kila mpita njia. Kadhi alikuwa na watu wake maalumu, waliochunguzwa dini yao, ulaji wao, hata ujirani wao, na wakishakubaliwa huvishwa kilemba cheupe na kukaa mlangoni pa mahakama. Mtu wa namna hiyo akisema "nimeona," basi limeonekana. Hakuna wa kumuuliza mara ya pili.

Na walikuwa na ada yao katika kusema. Ushahidi ulitolewa mzima au haukupokewa: jina la mtu, jina la baba yake, kazi yake, na alilolitenda, kwa pumzi moja. Shahidi mwenye kusitasita alirudishwa nyumbani kama mtoto ambaye hakuhifadhi somo lake. Naufal alikuwa fundi wa ada hiyo. Miaka mingi alikuwa akisema maneno mazima, na ulimi wake ulizoea kufika mwisho wa kauli kabla yeye mwenyewe hajafika. Hili liwekeni moyoni, maana hapo ndipo balaa lilipoingilia.

Alfajiri moja, akielekea msikitini, aliona mtu akitoka kwenye ghala la mfanyabiashara wa hariri, robota begani, akapotelea kichochoroni. Mlinzi wa ghala akatoka mbio akipiga ukelele, "Duraid! Duraid mfinyanzi huyo! Umemwona, ya Sheikh?"

Naufal akajibu, "Nimemwona," akaenda zake kuswali.

Asubuhi ileile Duraid akakamatwa, mikono ingali na udongo. Mbele ya kadhi mlinzi akatoa ushahidi wake, kisha Naufal akatoa wake: "Nashuhudia kwamba nilimwona Duraid bin Asim, mfinyanzi, akitoka ghalani na robota la hariri." Kwa pumzi moja, kama kawaida yake. Robota lenyewe halikupatikana. Duraid aliapa, akalia, akataja watoto wake. Lakini mashahidi walikuwa wawili, na mmoja wao ni Naufal. Kadhi akahukumu akatwe mkono baada ya swala ya Ijumaa. Na mfinyanzi aliyekatwa mkono, ndugu zangu, atafinyanga nini?

Usiku ule Naufal alilala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu. Kilichokuwa kikimsumbua siku hizo ni jambo jingine kabisa. Alikuwa akisimama mbele ya Mola wake huku moyo wake unatembea sokoni. Akaona hili ni fedheha kwa mtu wa cheo chake, akaenda kwa dada mkubwa wa marehemu mama yake, Bibi Lubaba. Bibi huyu alikuwa mcha Mungu, na watu walimwendea kwa maradhi ya moyo, ingawa wengi walinung'unika kwamba walikwenda na ugonjwa mmoja wakarudi na miwili.

Alimkuta anachekecha unga.

"Mama mkubwa," akasema baada ya kumwamkia, "swala yangu haina khushuu, moyo hautulii. Nifundishe dhikri."

"Dhikri unazijua kunishinda. Fumba macho, ulete mkono." Akamwekea kitu kiganjani. "Umekuta nini?"

"Tende."

"Sikukuuliza unajua nini, mwanangu. Nimekuuliza umekuta nini."

Naufal akakiviringisha kile kitu kiganjani. Hakuzoea kuulizwa mara mbili. Mwishowe akasema, "Kitu laini. Kinanata. Kina uzito kidogo."

"Na tende iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo, mama mkubwa!"

"Huo ni ulaini na mnato. Jina umekuja nalo wewe. Haya, na huyo aliyeukuta ulaini, umemkuta wapi?"

Naufal akamtafuta. Alikuta pumzi ikiingia na kutoka. Alikuta joto la uso wake mwenyewe, maana alishaanza kukasirika. Akakuta wazo likisema "mimi hapa," akalidaka kwa furaha. Lakini mara akaona kwamba wazo lile nalo linatazamwa, na alipogeuka kumtazama mtazamaji, hapakuwa na mtu, na kutazama kunaendelea vilevile. Kichwa kikamzunguka.

"Sikuti mtu," akasema, na sauti yake ilikuwa na hofu.

"Basi kaa hapo," akajibu Bibi Lubaba. "Mimi unga wangu unaningoja."

Hakumwongezea neno. Naufal aliondoka amenuna, na njiani akaila ile tende, maana hata aliyechanganyikiwa huwa na njaa.

Laiti mambo yangeishia hapo! Swali lile lilimfuata nyumbani. Punda akilia nje, anajiuliza amekuta punda au amekuta sauti. Mkewe, Ramla, alimwekea mchuzi, akamwona kaushika mkate mkononi, macho yametua ukutani.

"Mbona huli, baba watoto?"

"Namtafuta anayeonja."

"Ukimpata mwambie mchuzi unapoa."

Na ile khushuu aliyoifuata ikazidi kumkimbia. Zamani moyo wake ulitembea sokoni, sasa haujui hata ulipo. Alisoma Alhamdu na huku anasikiliza ni nani anayesoma. Alirukuu, na huku anajiuliza ni nani aliyeinama. Wanaomjua walianza kunong'onezana kwamba Sheikh Naufal ana homa.

Ikawa siku ya Alhamisi, katika swala ya adhuhuri, amekaa katika tahiyatu, kikao cha kutoa shahada. Akainua kidole na kusema, "Nashuhudia," na pale pale ulimi wake, ambao haukuwahi kukwama, ukakwama. Neno lile ndilo alilolitamka mbele ya kadhi. Bila ya kutaka, akajiuliza kama alivyoulizwa na mama yake mkubwa: alfajiri ile, mimi nilikuta nini?

Alikuta giza jepesi. Alikuta ubaridi miguuni. Alikuta mgongo, na robota juu ya bega la kushoto, na kanzu iliyopandishwa kwa ajili ya kukimbia. Na uso? Uso ulikuja mara moja, bayana kabisa: ndevu chache za Duraid, jino lake lililovunjika, macho yake madogo. Naufal akashusha pumzi. Alhamdulillahi, uso upo.

Kisha akautazama vizuri. Uso ule ulikuwa ukimtazama yeye, ilhali mtu yule alikuwa amempa mgongo. Uso ule ulikuwa ukicheka, na mwizi hacheki. Tena ulikuwa umemulikwa na jua la mchana, na nyuma yake kulikuwa na mitungi imepangwa. Ule ulikuwa uso wa Duraid wa sokoni, anaouona kila anaponunua mtungi. Hakuukuta kichochoroni. Uliletwa na ukelele wa mlinzi, na ulimi wake wa kishahidi ukaupokea, ukaukamilisha kwa jina la baba na kazi yake.

Alitoa salamu bila ya kujua amemaliza rakaa ngapi.

Nafsi haikubali kushindwa kwa siku moja. Alasiri yote Naufal alibishana nayo. Ilimwambia: huu ni wasiwasi wa shetani, na bibi yule kazeeka. Ikamwambia: mlinzi naye alimwona, sasa wewe wajifanya mjuzi kuliko mlinda ghala? Ikamwambia tena, na hili ndilo lililomuuma zaidi kwa kuwa lilikuwa kweli: na kama Duraid ndiye mwizi hasa? Mgongo ule unaweza kuwa wake. Utamtetea mwizi kwa kuwa umechezewa akili na tende moja?

Lakini chini ya maneno hayo palikuwa na hofu nyingine, iliyo nzito kuliko zote. Kabla ya magharibi alifika kwa Bibi Lubaba akitweta.

"Mama mkubwa, umeniangamiza. Nikiuvunja ushahidi wangu juu ya Duraid kwa kuwa sikuukuta uso wake, nitasimama wapi? Kila siku nashuhudia juu ya Mola ambaye sikumwona. Hata huyo anayeshuhudia nimemtafuta nisimpate. Niambie, ni lipi nililobakiwa nalo?"

Bibi kizee akajipangusa mikono kwa upindo wa nguo.

"Sijui nikujibu vipi," akasema. "Mimi nimechanganyikiwa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Najitafuta sijikuti, na kadiri nisivyojikuta ndivyo ninavyomwita Yeye anayejua. Labda huko kumwita ndiko kumshuhudia, labda siko. Lakini, mwanangu, sijapata kumkata mtu mkono kwa jambo ambalo sikulikuta."

Naufal akalia. Alilia kwa aibu, na alilia pia kwa sababu alikuwa amekuja kutafuta jibu na hakupewa. Alirudi nyumbani vilevile alivyokuja, hajui lolote, ila kwamba kesho ni Ijumaa.

Watu walipomaliza kuswali walijaa uwanjani. Mafuta yalikuwa yanachemka tayari kwa ajili ya kuzuia damu. Duraid aliletwa akiwa amefungwa, amechoka hata kulia. Naufal akapasua watu, akasimama mbele ya kadhi.

"Ewe kadhi, ushahidi wangu nauondoa."

Kadhi akamtazama kwa mshangao. "Hukumwona mtu akitoka ghalani?"

"Nilimwona mtu."

"Mtu gani?"

"Mgongo."

Walicheka watu, wakacheka sana. Mfanyabiashara wa hariri akapiga kelele kwamba shahidi kalishwa mlungula. Kadhi akawanyamazisha, akauliza kwa sauti kavu, "Naufal, ulitaja jina, na jina la baba, na kazi. Ulisema uongo mbele yangu?"

"Sikujua kuwa ni uongo. Jicho lilikuta mgongo, na ulimi ukamalizia yaliyobaki. Nilidhani vyote vimeonekana kwa jicho."

"Basi unashuhudia kwamba aliyetoka si Duraid?"

Mfinyanzi aliinua kichwa. Neno moja tu lilitakiwa, na watu wote walilingoja, na Naufal mwenyewe alitamani kulisema, kwa huruma na kwa aibu yake. Lingekuwa kauli nzima, nzuri, ya kupendeza. Alilitafuta ndani yake asilikute.

"Hapana," akasema. "Huenda ni yeye, huenda si yeye. Sijui."

Kadhi akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Tumeamrishwa tuziondoe adhabu penye shaka. Mfungueni." Na baada ya hapo akasema, bila ya kumtazama, "Na wewe, rafiki yangu, vua kilemba."

Naufal akakivua mbele ya watu wote, akakikunja, akakikabidhi. Toka siku ile ushahidi wake haukupokewa tena Wasit, hata katika jambo la kuku. Watu wakaitana kumtania. Wakipishana naye husema, "Sabahalkheri, Sheikh, ikiwa ni asubuhi," naye hujibu salamu na kupita. Wengine hawakumtania. Walimwambia wazi kwamba amemwachia mwizi. Mlinzi hakubadili neno lake hata kufa kwake, na robota halikuonekana, na hakuna aliyepata kujua, wala msimulizi wenu huyu hajui, nani aliyetoka ghalani alfajiri ile.

Baada ya muda Naufal alikwenda sokoni kununua mtungi, kwa kuwa Ramla alimwambia wa nyumbani umepasuka, na wafinyanzi wengine walikuwa wamefunga maduka. Duraid alikuwa kwenye gurudumu lake. Alipomwona akalisimamisha.

"Sheikh," akasema Duraid, "nataka kukuuliza, na unijibu kwa haki ya Mungu. Wewe moyoni mwako, waniona mwizi?"

"Sijui, ndugu yangu."

Jibu lilimuuma Duraid, na uso wake haukuficha. Mtu aliyeokolewa hupenda kuaminiwa pia, naye hakupewa hilo. Kisha akasema polepole, "Mlinzi anajua mimi ni mwizi. Mke wangu anajua si mwizi. Wewe peke yako hujui, na mimi ninao mkono kwa sababu yako." Akamnyooshea mkono ule wa kulia kama ulivyokuwa, umejaa udongo mbichi.

Naufal akaushika. Alikuta ubaridi na utelezi, na chini yake joto, na mishipa ikipiga. Hakutafuta ni nani anayekuta. Akabaki ameushika mkono ule, kilemba hana, na machozi yakimtiririka ndevuni mbele ya wanunuzi wote.

Enyi waja wa Mungu, wako wanaodhani imani ni kutosema "sijui." Wakubwa wetu walikwisha kutwambia kwamba neno hilo ni nusu ya elimu, nasi twalirudia vizuri sana maadamu hakuna anayetuuliza tuliona nini. Tumuombe Mwenyezi Mungu atujaalie tuliseme siku ambayo mkono wa mtu mwingine umewekwa juu ya gogo la kukatia. Na yale tusiyoyajua juu ya nafsi zetu, nayo ni mengi, Yeye anayajua, na kwake ndiyo marejeo.