Msiba kwa Fisi

Mwaka huo jua liliwaka mpaka kobe akatamani kuvua gamba. Mito ilikauka, nyasi zikawa kavu za kuvunjika, na mbuga nzima likabaki bwawa moja tu. Mashariki ya bwawa alitawala Simba, magharibi Ndovu, na kila mmoja aliapa kwamba maji yale ni yake.

Radi ikapiga mti mkavu, ukawaka. Simba akachota makaa akayatia chunguni. "Ndovu akivuka bwawa," akanguruma, "nateketeza nyasi zake zote!" Ndovu kusikia hivyo naye akachota, vyungu viwili. Simba akaongeza. Ndovu akaongeza. Ikawa ndiyo kazi, kutwa kuokota kuni za kulisha makaa, na Simba mwenyewe hajapata kupika hata uji! Haya, wakubwa wakikosa shughuli ndivyo walivyo.

Aliyekuwa roho juu ni Sungura. Kwake kulikuwa katikati, kwenye nyasi za kando ya bwawa, na mkewe alikuwa ametoka kujifungua. Moto ukitokea upande wowote ule ungepita kwanza juu ya watoto wake, ambao hata kukimbia walikuwa hawajajua.

Mchana mmoja pundamilia walikimbizana wakatimua vumbi. Ndovu akaliona, akadhani moshi. "Simba ameanza!" akapiga kelele, mkonga tayari umeshika chungu.

Sungura akaruka mbele yake. "Mzee Ndovu, vumbi hilo! Nusa kwanza!"

Ndovu akanusa. Akashusha chungu polepole. Sungura aliporudi nyumbani mkewe akamwambia, "Baba watoto, leo tumepona kwa pua ya Ndovu. Kesho akiwa na mafua je?"

Sungura hakungoja hiyo kesho. Alikwenda kwa Ndovu, kisha akaenda kwa Simba. "Mzee, ukiwasha nyasi za Ndovu, halafu upepo ukageuka?"

Simba akakuna kidevu. "Zitaungua zangu."

"Sasa vyungu vya nini?"

"Nikizima mimi, yeye akaficha?"

"Naye kaniuliza hivyo hivyo. Basi kila mmoja akague kwa mwenzake."

Simba akasimama, manyoya ya shingo wima. "Askari wa Ndovu aingie pangoni mwangu? Anipekue mimi? Thubutu!"

"Si askari, mzee. Mtani."

Hapo Simba akakaa tena. Maana mtani ni mtani. Huingia bila hodi, hufunua chungu, huicheka pua yako, na ukikasirika aibu ni yako. Kupekuliwa na askari ni kudhalilishwa, lakini kupekuliwa na mtani nani asiyeweza kuvumilia? Ndovu naye alikubali, ila akataka Sungura awe mtani wa pande zote mbili, kwa sababu yeye Ndovu haenei kila tundu.

Wakakutana bwawani wakamwaga makaa yote majini, mvuke ukatanda. "Mtani," Ndovu akaanza, "manywele yote hayo, kitana huna?"

Simba akacheka kwa kujilazimisha. "Na wewe masikio hayo ni ya kusikilizia, au ni mikeka ya wageni?"

Wanyama wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo wakawa wanatembeleana, wanapekuana na kutaniana, na kila mmoja akanywa maji yake kwa raha.

Ila Fisi hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa makaa ya Simba, akilipwa mifupa, na sasa mifupa imekwisha. Siku ya kumwaga makaa alikuwa ameficha chungu kimoja tunduni kwake. "Upepo mkali ukija, nawasha," alijisemea, mate yanamchuruzika. "Watalaumiana, mbuga itaungua, nami nitakula nyama choma mpaka nichoke." Lakini upepo haukuja, na tumbo la Fisi halijui kusubiri. Akatoka nje akaangua kilio. "Uwii! Shangazi yangu amefariki! Amefia mbali, jamani!" Alijua penye msiba panaliwa.

Kweli wakaja. Simba akaleta paja zima la swala, Ndovu akaleta matikiti mwitu. Fisi akawa analia kwa jicho moja, la pili liko kwenye paja. Alichosahau mroho yule ni kwamba penye msiba na watani huja.

Sungura alifika, akajilaza mlangoni, akajifunika ngozi kuukuu. "Mimi ndiye marehemu!" akasema kwa sauti ya kizee. "Nimerudi, nimesahau chungu changu cha mchuzi!" Waombolezaji wakacheka. Akainuka akaanza kuingia tunduni.

"Hapana! Usiingie!" Fisi akamdaka mguu.

Kicheko kikakatika. Nani amewahi kusikia mtani anazuiwa msibani?

"Shangazi... hakupenda wageni," Fisi akababaika.

"Kwani shangazi kafia mbali au kafia humu?" Sungura akamuuliza, akachomoka, akazama ndani. Mara akatoka anasukuma chungu kwa miguu ya nyuma, kinafuka moshi. Hakutania tena. "Maiti sikuona," akasema. "Nimeona hiki."

Ndovu akamgeukia Simba. "Ulisema umezima vyote." Alisema kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo ya kuogopwa. Vijana wake walikwishaanza kurudi nyuma, wakitazama zilipo kuni. Sungura alimwona mkewe amewakumbatia watoto. Angesema nini yeye, mdogo vile?

Kiburi cha Simba kilimtaka angurume, na koo lilikuwa tayari. Badala yake akakiuma chungu kile ukingoni, kikiwa moto vilevile, akatembea nacho mbele ya wote mpaka bwawani, akakitumbukiza. Chwaaa! Akarudi sharubu za upande mmoja zimeungua.

Ndovu akamtazama, akamtazama tena. "Mtani," akasema mwishowe, "unanuka kama supu ya kwato."

Simba akaangua kicheko, na safari hii hakikuwa cha kulazimisha. Sungura alitokwa machozi palepale, wala hakuona haya.

Fisi alikuwa ananyatia kando na paja mdomoni. Ghafla akakutana uso kwa uso na fisi mmoja bibi kizee, amekuja mbio, anahema. "Nimesikia huku kuna msiba," akasema bibi. "Nani kafariki, na chakula kiko wapi?"

"Umefariki wewe, shangazi," Sungura akamjibu. "Pole sana."

Shangazi akamtazama mpwawe, akalitazama paja. Akampokonya paja kwanza, kisha akamtimua kwa kipigo, mbuga nzima ikimzomea, mpaka akapotelea vichakani. Tangu hapo Fisi akilia, hata kwa msiba wa kweli, hapati wa kumpa pole. Mficha maradhi, kilio humuumbua.